Mayai yangu yamezikwa mpakani juu ya mafua ya ndege, nishtaki nani?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kisumu anayeuza mayai Kibuye, nimelifupisha kidogo:

"Habari wakili. Mimi huwanga naleta mayai kutoka Uganda, niko na kibali cha kuingiza, niko na cheti cha daktari wa mifugo wa kule, kila kitu sawa. Ijumaa lori likapakia. Jumamosi jioni notisi ikatoka ati mafua ya ndege yameonekana Uganda, kuku na mayai yote ya Uganda marufuku. Lori likafika mpakani Jumapili, likazuiliwa, Jumatano wakazika trei 420. Huo ugonjwa umeonekana mbali kabisa na pale nanunua. Serikali inaruhusiwa kweli kufunga nchi nzima juu ya wilaya moja? Na nani atanilipa?"

Pole sana dadangu, trei 420 si kitu ya kusema tu pole halafu tuendelee. Lakini wacha nianze na ile haitakufurahisha. Ukienda kortini kusema marufuku yenyewe ni haramu, utashindwa, tena haraka. Nchi kufunga mpaka ugonjwa ukilipuka ni haki yake, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inaipa serikali nguvu ya kukataza wanyama na bidhaa zao kuingia, na hakuna jaji atataka ikumbukwe kwamba ni yeye alifungulia mafua ya ndege mlango wa kuingia Kano na Nyando. Watu hushindia kwingine kabisa: marufuku ni pana kiasi gani, inakaa kwa muda gani bila mtu kuiangalia tena, na wewe binafsi ulifanyiwa nini kati ya Jumapili na Jumatano. Mimi nikisoma barua yako hizo siku tatu ndizo zinanisumbua kuliko kitu kingine chochote, tutazifikia.

Kabla hujasema naitetea serikali, mimi mwenyewe nilikuwa na nguruwe 11 huko Bahati, karantini ya homa ya nguruwe ikaja nikakaa nao sina pa kuwauza, wanakula tu, kila asubuhi nahesabu debe za chakula. Kwa hivyo naelewa. Lakini pia niliona jirani vile boma lake liliisha kwa siku chache, na hiyo ndio sababu siwezi kukuambia hizi sheria ni za kusumbua watu tu. Na kumbuka sisi Wakenya ndio tumepatia dunia baadhi ya haya magonjwa kwa vitabu: homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka wa 1921, na homa ya Bonde la Ufa ikaelezwa mwaka wa 1931 kutoka kwa kondoo wa karibu na ziwa Naivasha, hapa hapa kaunti ya Nakuru. Ile homa ya Bonde la Ufa ndio ilifanya Saudi Arabia ifungie mifugo ya upande wetu wa Afrika, na Wasomali walikaa miaka mingi wakisubiri mpaka 2009 ndio soko likafunguka. So leo tukifunga Uganda, tujue kuna siku tumekuwa upande ule mwingine wa geti.

Sasa swali lako la kwanza, nchi nzima juu ya wilaya moja. Hili ndilo swali dunia imeligombania sana, na jibu liko.

Kuna mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, WTO, unaohusu usafi wa chakula na afya ya wanyama na mimea, watu huuita SPS, umeanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1995 na Kenya na Uganda zote ziko ndani. Unasema nchi inaweza kujikinga lakini iwe na ushahidi wa kisayansi, ifanye tathmini ya hatari, isizuie biashara kuliko inavyohitajika, na kifungu cha 6, hiki ukiandike mahali, kinasema lazima itambue kwamba ndani ya nchi moja kunaweza kuwa na eneo lenye ugonjwa na eneo lisilo na ugonjwa. Tena kinazungumzia eneo, mpaka wa nchi kwenye ramani sio lazima uwe ndio mpaka wa ugonjwa. Virusi havijui Uganda inaishia wapi.

Kesi tatu zimenyoosha hiki kifungu. India ilikuwa imekataza kuku na mayai kutoka nchi yoyote iliyoripoti mafua ya ndege, hata yale mafua madogo yasiyoua kuku. Marekani ikawapeleka WTO mwaka wa 2012. Kilichowamaliza India ni hiki: ugonjwa ukitokea ndani ya India kwenyewe, wao walikuwa wanafunga eneo la kilomita 10 hivi kuzunguka shamba, kuku wa mashamba mengine wanaendelea kuuzwa, lakini ukitokea Marekani wanafunga Marekani yote. Utaelezaje hiyo mbele ya mtu mwenye akili zake? Wakashindwa 2014, wakakata rufaa, wakashindwa tena Juni 2015. Na usidhani Marekani ilianza kuuza kuku wiki iliyofuata, walivutana mpaka 2023 ndio wakaelewana.

Ya pili ni Urusi. Januari 2014 homa ya nguruwe ikapatikana kwa nguruwe mwitu huko Lithuania, Urusi ikafunga nguruwe wa Umoja wa Ulaya mzima. Yaani ugonjwa uko kichakani karibu na mpaka wa Belarus halafu mfugaji wa Uhispania ndiye anaambiwa hauzi. Kichekesho ni kwamba Urusi yenyewe ilikuwa na huo ugonjwa tangu 2007. Walishindwa 2016, na rufaa pia wakashindwa Februari 2017. Ya tatu ni Argentina dhidi ya Marekani juu ya ugonjwa wa miguu na midomo, ambapo Marekani iliambiwa ilikaa na maombi ya Argentina miaka mingi bila kujibu, hata kwa eneo la Patagonia ambalo lilikuwa safi. Hiyo ilitoka Julai 2015. Kwa hivyo kuchelewa nako ni kosa, sio kufunga peke yake.

Na kuna lingine wachuuzi wengi hawalijui. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lile la Paris, lina kanuni zake na WTO huzitegemea sana. Kwa mafua ya ndege kanuni inasema wazi kwamba nchi ikiripoti virusi kwa ndege wa porini, au ndege wengine ambao sio wa kufugwa kwa nyama na mayai, wenzake wasifunge biashara ya kuku juu ya hiyo ripoti. Ndiyo, umesoma sawa. Manake wakifunga, nchi zitaanza kuficha ndege waliokufa, na hapo tutaumia wote.

Mwaka wa 2017 unakumbuka? Januari, Uganda ilitangaza ndege waliokufa pale Lutembe karibu na Entebbe, ndege wa porini wanaohama, na Kenya ikafunga kuku na mayai ya Uganda. Wengi walisema ati Kenya ilivunja sheria moja kwa moja. Mimi sikubaliani, juu karibu wakati huohuo ugonjwa ulipatikana pia kwa bata na kuku wa watu huko Masaka, na hapo kanuni ya ndege wa porini inakuacha. Swali ambalo lingebaki ni lilelile la India: Masaka ni Masaka, je mayai ya Mbale yana hatia gani? Hapo ndipo kuna kesi. Kwa hivyo kitu cha kwanza utafute kwa kesi yako ni hiyo taarifa ya Uganda yenyewe: walikufa ndege wa porini ama kuku wa mtu, wilaya gani, tarehe gani. Hizo ripoti hutumwa Paris na huwekwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Na uangalie muda pia. Kanuni za sasa zinasema nchi au eneo likimaliza kuua kuku walioambukizwa na kupuliza dawa, linaweza kurudi kuhesabiwa safi baada ya siku zisizopungua 28, kama uchunguzi haujaonyesha kitu. Zamani ilikuwa miezi mitatu. Marufuku ikifika mwezi wa sita na hakuna mtu ameiangalia tena, hiyo sio afya ya wanyama tena, hiyo ni kulinda soko, na tuseme tu ukweli, kuna wafugaji wa huku kwetu ambao hufurahia sana mayai ya Uganda yakifungwa.

Sasa upande wa kuumiza. Hizi kesi zote nimekutajia, wewe huwezi kuzifungua. WTO ni ya serikali na serikali. Mama wa Kibuye hana kiti Geneva, hata Uganda ikitaka kukutetea itachukua miaka, na tangu Desemba 2019 hata ile meza ya rufaa haina majaji wa kutosha kusikiliza kesi. Kwa hivyo mtu akikuambia lete pesa nikupelekee kesi WTO, mkimbie.

Milango yako ni miwili.

Wa kwanza ni Mahakama Kuu hapa nyumbani. Katiba yetu kifungu cha 2(6) inasema mkataba ambao Kenya imeridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya, kwa hivyo wakili wako anaweza kuinua ule mkataba wa SPS mbele ya jaji wa Kisumu na akasikizwa. Lakini nguvu yako kubwa iko kifungu cha 47, haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za serikali, pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Hiyo inauliza maswali madogo madogo ambayo ndiyo huwanga yanashinda kesi: ulipewa notisi kwa maandishi? Ulipewa nafasi ya kujieleza kabla hawajazika? Ulipewa sababu? Ukiomba sababu kwa maandishi na wakanyamaza, sheria inachukulia kwamba hawakuwa na sababu nzuri, na jukumu la kuonyesha walikuwa nayo linakuwa lao. Kwa hivyo andika hiyo barua leo, usingoje. Na uangalie kama kuna ngazi ya malalamiko ndani ya idara, manake hiyo sheria inataka uanze huko, na mawakili wa serikali watakurudisha huko wakipata nafasi.

Hapo ndipo zile siku tatu zinaingia. Watasema ilikuwa dharura, na kwa kufunga mpaka Jumamosi nakubali ni dharura, hata ule mkataba wa dunia unaotaka nchi itoe muda kati ya kutangaza na kuanza kutumia unaachilia dharura. Lakini Jumapili lori lilikuwa limesimama, limefungwa, haliendi popote. Dharura iko wapi Jumatatu na Jumanne? Kwa nini hukuambiwa rudisha mzigo ulikotoka? Kwa nini hawakuuliza kama kuna kiwanda kinaweza kuyapika? Virusi vya mafua ya ndege hufa kwa joto, kanuni zenyewe zina vipimo, kwa nyama nyuzi 60 kwa sekunde 507, ukifika nyuzi 70 ni sekunde tatu na nusu tu. Wao wanaweza kujibu kwamba kusafirisha mayai hayo kwenda kiwandani ni hatari yenyewe, manake ugonjwa haukai kwa yai peke yake, unakaa kwa trei za karatasi zilizotumika, kwa kinyesi, kwa matope ya tairi. Ni jibu nzuri. Lakini wajibu kortini, sio wewe uwajibie. Na hapa nakuuliza kama mwanasheria wako sio kama mwalimu: trei zako zilikuwa mpya ama zile za kuzungushwa? Kama ni za kuzungushwa uniambie mapema nisije nikaisikia kwa mdomo wa upande ule mwingine.

Kitu kingine ni ile notisi yenyewe. Marufuku ikiwa ni sheria ndogo inafaa kuchapishwa kwa gazeti la serikali na kupelekwa Bunge ndani ya siku 7 za kikao, Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inasema hivyo, na isipopelekwa inakufa yenyewe. Mara nyingi utapata ni barua tu ya kurasa mbili iliyozunguka WhatsApp na kila mtu mpakani anaitii. Barua inaweza kuwa halali kama aliyeisaini amepewa hiyo nguvu na Sura ya 364. Inaweza pia kuwa ni maneno tu ya mtu.

Mlango wa pili ni Arusha, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Huko mtu binafsi anaruhusiwa, kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinasema mkaazi yeyote anaweza kushtaki uamuzi wa nchi mwanachama, hata nchi yake mwenyewe, na huhitaji kumaliza korti za nyumbani kwanza. Na wafanyabiashara wameshinda huko: kampuni ya British American Tobacco iliishtaki Uganda juu ya ushuru uliotoza sigara zinazotoka Kenya zaidi kuliko zile za Uganda, na 2019 korti ikasema Uganda imevunja mkataba. Sigara sio mayai, najua, kule hakukuwa na ugonjwa, lakini imeonyesha korti haiogopi kuiambia serikali kwamba bidhaa ya jirani haiwezi kutendewa kama mgeni.

Shida ya Arusha ni saa. Una miezi miwili tangu kitendo kifanyike au tangu ukijue. Miezi miwili pekee, na ile korti haibembelezwi, imeshakataa kesi za watu wenye uchungu wa kweli kwa kuchelewa, na wakijaribu kusema madhara yanaendelea hadi leo wanaambiwa hapana, siku zinahesabiwa tangu mwanzo. Niliwahi kuletewa faili na mchuuzi mmoja wa soseji, kesi safi, karatasi zote ziko, tulipohesabu ilikuwa siku ya 74. Nilimpa chai akaenda. Wewe ulizikiwa Jumatano, kwa hivyo hesabu kuanzia ile Jumamosi ya notisi, usihesabu kutoka Jumatano, ujipe usalama.

Pesa sasa. Korti za hizi njia mbili hupenda kutangaza kwamba haki imevunjwa, kulipa ni hadithi nyingine. Ukitaka fidia kwa uzembe, yaani mzigo uliharibiwa bila sababu, una miezi 12 kuishtaki serikali, Sura ya 39, ile sheria ya muda wa kuishtaki serikali, sio miaka mitatu kama vile ungeshtaki jirani. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali, lakini mali yenye hatari ya ugonjwa ni ngumu, majaji husema serikali haikuchukua mali yako iitumie, ilizuia madhara. Ndio maana nasema usipiganie mayai, pigania utaratibu, halafu fidia ifuate nyuma ya utaratibu. Bima ya mzigo safarini uiangalie lakini usiwe na tumaini kubwa, nyingi zina mstari mdogo unaosema hazilipi mzigo uliokamatwa na serikali. Na muuzaji wako wa Uganda? Kama mlikubaliana mzigo ni wako ukishapakiwa, hasara ni yako, kama mlikubaliana ni wake mpaka ufike Kisumu, ni yake. Najua hamkuandika chochote, mlipigiana simu tu, basi tafuta hizo jumbe za simu na za pesa, zinaweza kuonyesha mlikuwa mnalipana lini.

Kuna watu watakushauri wakati mwingine upitie njia za panya. Usijaribu hiyo. Mwaka wa 2017 vifaranga 6,400 vya kutoka Kenya vilichomwa na maafisa wa Tanzania pale Namanga, watu wakalia kwa mitandao kuhusu ukatili, na mimi pia nilichukia ile picha, lakini kwa sheria yule mwenye vifaranga hakuwa na pa kusimama manake viliingia kimagendo. Wewe nguvu yako yote ni kwamba ulikuja kwa barabara kubwa ukiwa na kibali mkononi. Ukiipoteza hiyo hata mimi sina la kukusaidia.

Kwa hivyo wiki hii: tafuta kibali chako na tarehe kilipotolewa, cheti cha daktari wa mifugo wa Uganda kinachotaja shamba na wilaya, risiti ya mafuta au geti inayoonyesha lori liliondoka saa ngapi, karatasi yoyote uliyosainishwa mpakani hata kama hukuelewa inasema nini, na kama dereva alipiga picha shimo likichimbwa, hizo picha zisifutwe kwa simu, zipeleke mahali pengine pia. Uliza kama walichukua sampuli kabla ya kuzika, manake kama walipima na majibu yalikuwa safi na bado wakazika, tunaongea kesi nyingine kabisa. Na ile notisi ya Jumamosi usinitumie ile ya kupitishwa kwa grupu imekatwa chini, nataka ukurasa wote, nione imesainiwa na nani na kama kuna mahali imetaja mizigo ambayo tayari ilikuwa barabarani.